Eti Kaiga Picasso

Jumapili yangu iliharibiwa na bingwa mmoja wa sanaa, ubingwa aliojitawaza mwenyewe. Nilimwonyesha mchoro wa Arshile Gorky, mchoraji Mwarmenia aliyehamia Marekani, ule wa mtoto aliyesimama kando ya mama yake aliyeketi. Akaukodolea macho sekunde tatu: "Picasso huyo. Kaiga." Akarudi kwenye chai yake.

Haya, aliiga. Alikaa miaka akimwiga Cézanne, akahamia kwa Picasso, akamhusudu Ingres, mchoraji Mfaransa wa zamani, kwa ile mistari yake iliyotulia. Sasa?

Mtoto yule ni Gorky mwenyewe. Alichora kutoka picha ya kamera, iliyopigwa studio mjini Van, mashariki ya Uturuki ya leo, mwaka 1912, apelekewe baba aliyetangulia Marekani. Sisi ambao ukutani kuna bibi kaketi wima, kapigwa picha iende Maskati, tunaijua sura hiyo: unamtazama mtu ambaye hayupo. Mwaka 1919, baada ya Waarmenia kuuawa na kufukuzwa makwao na dola ya Osmani, mama yake, Shushan, akafa kwa njaa Yerevan. Mwaka uliofuata kijana akaingia Marekani.

Mchoro wenyewe ulimchukua miaka kumi na zaidi, na hata hivyo akauchora mara mbili. Mmoja uko makumbusho ya Whitney, New York, mwingine Washington. Anapaka rangi, anaikwangua kwa wembe, anapaka tena. Katika picha ya studio aproni ya mama imejaa maua. Kwenye mchoro wa Whitney maua yote ya aproni yamekwenda, na mikono ya mama imebaki mabonge meupe yasiyo na vidole. Hayo nayo kampa Picasso? Na yale macho makubwa, mbona yapo kwenye miswada ya kale ya Kiarmenia, na kwenye mawe yaliyochongwa ya kanisa la Akhtamar, kisiwani katika Ziwa Van, jirani na kijiji alikozaliwa?

Gorky mwongo alikuwa mwongo, hilo silikatai. Jina lake ni Vostanik Adoian. Alijiita Gorky, akadai undugu na mwandishi Maxim Gorky, ambaye naye "Gorky" ilikuwa lakabu tu! Undugu wa lakabu kwa lakabu, jamani.

Bingwa wangu anakuja tena Jumapili. Ile picha ya 1912 nimeshaitoa kwenye karatasi, nitaiweka kando ya sahani ya maandazi. Aanze kwa kuyahesabu maua ya aproni.