Usiniulize Kampuni, Niulize Kalibu Ilichongwa Lini

Mtu akiziona juu ya rafu ndege zangu ndogo za plastiki, zile ninazoziunga mwenyewe kwa gundi kutoka kwenye seti za vipande, swali la kwanza huwa ni bei. La pili, kama naye mikono imeanza kumwasha, ni "kampuni gani nzuri?" Hilo la pili hunifunga mdomo. Kampuni moja inaweza kukuuzia maboksi mawili yenye nembo ile ile. La kwanza ukalimaliza kwa jioni tatu huku unapiga mluzi, la pili likakufanya uichukie plastiki mwezi mzima.

Siri iko kwenye kalibu. Vipande vya seti hutokana na plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kuichonga kalibu hiyo ni gharama kubwa, ila ikishakamilika hufyatua vipande kwa miongo kadhaa, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeitupa. Huhifadhiwa, huuzwa, huazimwa, huvishwa boksi jipya lenye picha mpya ya ndege ikitema risasi mawinguni. Kampuni ya Airfix ya Uingereza walitoa seti yao ya kwanza ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, miaka ya 1950, na leo chini ya jina hilo hilo kuna seti zilizobuniwa kwa kompyuta na nyingine zilizokuwapo kabla mimi sijajua kushika wembe. Sifa yao niwape: nyingi za zamani wamezitenga kwenye kundi la Vintage Classics, mnunuzi asije akasema hakuambiwa. Ndani ya boksi la kampuni ya Revell nako unaweza kukuta plastiki yao wenyewe, au ya kampuni nyingine: Monogram ya enzi hizo, au hata Hasegawa. Ndiyo maana kabla sijatoa hela nachimba kwanza mwaka wa kalibu. Nembo nitaitazama baadaye.

Umri wa kalibu huonekana kwa macho. Kalibu iliyochoka haifungi sawasawa, plastiki hupenya kwenye mwanya na kuacha vijindevu vyembamba kwenye kingo. Mlango mmoja wa gurudumu wenye ndevu ni kazi ya wembe ya dakika mbili. Sasa hesabu milango, fito, antena na mabomba ya moshi, uone jioni yako imeenda wapi.

Mimi lakini ubora naupima zaidi mahali pamoja, pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Kabla ya tone la gundi, nabana nusu mbili za kiwiliwili kwa tepu, napachika mabawa makavu, kisha nainua kitu chote mbele ya taa. Mwanga ukipenya, nimeshajua yatakayonipata. Jeti moja ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliacha ufa wa kuingiza ukucha. Nikajaza puti, nikapiga msasa, nikajaza tena, nikapiga tena. Ufa ukaisha, na mistari ya mabati, ile inayoonyesha mabati ya ndege yalipoungana, ikaisha nayo. Ikabidi niichonge upya kwa sindano, nikiegemeza kwenye tepu nene, na sindano ikateleza mara mbili. Makovu yapo mpaka leo, upande wa kushoto, ule unaotazama ukuta. Ndiyo seti niliyoinunua kwa bei ya chini kuliko zote mwaka ule.

Weka kando yake Spitfire Mk I ya Tamiya ya 1/48, ile mpya ya mwaka 2018. Bawa linaingia na kutulia, kopo la puti sikulifungua kabisa. Tamiya wana ujanja mmoja ninaoupenda: wanajitahidi viungo vya vipande vipite pale ambapo ndege halisi nayo ina mstari wa bati, hivyo hata usipoziba, jicho halioni kosa. Watu husema Tamiya ni ghali. Kweli, ni ghali. Ila unapolipa unanunua pia zile jioni ambazo hutazimaliza na msasa mkononi.

Hapa ndipo hunijia juu wapiga kalipa, wale wanaopima kila seti kwa kifaa cha milimita. Kwao seti ni nzuri ikiwa inalala sawasawa juu ya mchoro, basi. Siwabezi. Mwaka 2014 Eduard wa Jamhuri ya Cheki walitoa Messerschmitt Bf 109 G-6, ndege ya kivita ya Wajerumani, ya 1/48, plastiki safi, maribiti (misumari ya kuungia mabati) yamejipanga kama uzi wa cherehani, na watu wakaipima wakakuta imezidi, imekaribia 1/47. Fanya hesabu. Bawa la ndege hiyo lilikuwa mita 9.92 kutoka ncha hadi ncha, yaani milimita 207 kwa 1/48 na 211 kwa 1/47. Milimita 4. Ikiwa peke yake kwenye rafu hakuna mgeni angegundua, lakini ukiipanga na 109 nyingine inaonekana imekula ikashiba. Eduard wakachonga upya, na ile sahihi ikatoka mwaka 2016. Kuchonga kalibu mara mbili kwa ndege moja si jambo dogo, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kama wangepatia mara ya kwanza.

Ninachobishana nao ni pale wanapodhani usahihi ni wingi wa vitu. Chukua mstari wa bati wenye upana wa milimita 0.2, ambao kwa macho ni uzi tu. Kwa 1/72, ukiukuza kurudi kwenye ndege halisi, ni mfereji wa milimita 14. Kidole kinaingia! Hakuna fundi wa ndege angeruhusu kitu hicho kipae. Kwa hiyo seti yenye mistari mikali inayosifiwa kwa "undani" ni ya uongo kwa kipimo, na ile yenye mistari hafifu inayolalamikiwa huenda iko karibu zaidi na ukweli. Mistari yote tuipendayo ni lugha ya picha, kama wanja. Hatuihitaji kwa sababu ipo. Tunaihitaji ili rangi nyeusi iliyozimuliwa, tunayoipitisha juu ya modeli, ipate pa kukaa.

Mustang, ndege ya kivita ya Wamarekani, ndiyo mfano wangu wa kudumu. Bawa la P-51D lilibuniwa ili hewa iteleze juu yake bila kusumbuliwa, hivyo kiwandani sehemu kubwa ya maungio na maribiti ilijazwa puti, ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya fedha. Bawa lilitoka laini kama bakuli. Halafu anakuja mtengenezaji wa seti, anatoboa maribiti mamia kwa mamia juu ya bawa hilo hilo, na mapitio yanamsifu! Mwenye seti rahisi yenye bawa tupu amepata ukweli bila kuutafuta, na mwenye seti ghali itabidi aufukie kwa puti, tundu kwa tundu, kama wale waliolijaza lile halisi.

Na hiyo michoro inayotumika kupimia, nani aliipima? Kurasa zikishanakiliwa mara tatu karatasi hunyooka upande mmoja. Mimi siku hizi naamini picha za ndege yenyewe, na ninatazama vitu viwili: umbo la pua na kioo cha rubani. Vikikosewa hivyo, ndege inakuwa binamu wa ile uliyokusudia. Urefu ukipungua milimita moja, nalala usingizi wangu vizuri.

Kuhusu bei, kosa la wengi ni kusoma kibandiko cha boksi wakadhani ndiyo bei ya ndege. Seti rahisi ina kiti cha rubani kama kibao cha kufulia, basi unaagiza kiti cha resini. Mikanda haipo, unaagiza ya chuma chembamba. Stika za maji, zile za alama za ndege, zimepauka, unaagiza nyingine. Ukijumlisha, umeshalipita boksi la jirani lililokuwa na vyote. Kwa upande wa pili, hata anayeuza vizuri anakujaribu. Eduard huuza ndege moja kwa namna mbili: ProfiPACK, yenye vyuma vyembamba, vizibio vya kuzuia rangi isiguse kioo na alama nyingi za kuchagua, na Weekend, yenye plastiki ile ile na bei ndogo. Mimi huchukua Weekend, kisha nanunua vizibio vya kioo peke yake. Vile vyuma vya dashibodi, ukishafunga kioo, unabaki kuwahadithia watu kwamba vipo. Hasegawa ni habari nyingine. Kalibu zao nyingi zina mistari mizuri mno, ila chumba cha rubani ni kitupu kama nyumba iliyohamwa, na wana mazoea ya kurudisha kalibu ya zamani na stika mpya kwa bei isiyokumbuka umri wake. Na Wingnut Wings wa New Zealand, wenye ndege za Vita vya Kwanza za 1/32 zilizokuwa hazina mfano, walipofunga mwaka 2020 maboksi yao yakapanda bei hadi hata waliokuwa nayo wakaogopa kuyafungua. Hiyo si modeli tena, ni akiba ya benki.

Sasa hivi mezani nina B-17G, ndege kubwa ya mabomu, ya Monogram ya 1/48, kalibu ya miaka ya 1970, mabawa karibu sentimita 66. Mistari yake imeinuka badala ya kuchimbwa, mtindo wa kizee ambao wapiga kalipa hawataki hata kuuona. Nilipoubana mgongo wake kwa tepu, umbo likatokea lile lile la kwenye picha: pua, tumbo, mkia mkubwa ule. Kwa boksi la bei ile sikutegemea. Nikipiga msasa kwenye kiungio cha mgongo mistari itafutika, na nimeamua itakayofutika siirudishi. Kinachonisumbua zaidi ni rafu, maana nimepima leo asubuhi na bawa la kulia halipati nafasi mpaka niiondoe ile jeti yenye makovu.