Cacophony ni hukumu

Waandishi wengi wa Kiingereza hulitumia neno cacophony, yaani sauti zinazokera sikio, kama pambo. Kelele zikiwa nyingi, basi, linachomolewa. Mimi naona wanalidhulumu, maana ukubwa wa sauti haumo kabisa ndani yake. Kilichomo ni lawama.

Limetoka kwenye Kigiriki: kakos, yaani -baya, na phone, sauti. Hiyo phone tunaishi nayo siku zote, imo kwenye maikrofoni, saksofoni na simfoni. Waingereza walilipokea neno zima katika karne ya 17, Wafaransa nao wakisema cacophonie. Kinachonifurahisha ni kwamba habari za honi na mashine zimekuja baadaye. Awali lilikuwa neno la mabingwa wa ufasaha, la kukosoa maneno yanayogongana mdomoni hata msomaji akajikwaa. Wahakiki wa ushairi wa Kiingereza hadi leo wanalitumia hivyo, kinyume chake kikiwa euphony, utamu wa sauti. Na mshairi stadi huutafuta ukali huo kwa makusudi. Ukisimulia vita kwa sauti za kubembelezea mtoto, nani atakuamini?

Ni kweli kwamba karaha hiyo ina sababu za kimaumbile. Mwaka 1863 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kuwa noti mbili za muziki zikikaribiana mno, mawimbi yake huzaa mapigo ya haraka, sikio likahisi mkwaruzo. Sawa, mkwaruzo nimeuelewa. Lakini kuuchukia ni jambo jingine. Mwaka 1913 Mwitalia Luigi Russolo alitoa ilani akidai kelele za mitambo na za miji ziingizwe kwenye muziki, kisha akabuni ala za kuzitoa. Kile ambacho wengine walizibia masikio, yeye alikiita sanaa.

Ndiyo maana huwa nasita nikisoma kwamba mjadala fulani ulikuwa cacophony ya maoni. Ubaya huo kaupima nani, na kwa kipimo gani? Mara nyingi anayesema hivyo alikuwa mbali, maneno hayakumfikia, akaambulia mvumo tu. Wengine walikuwa karibu na walisikia vizuri, ila hawakupenda waliyoyasikia. Afadhali mwandishi atuambie nani alisema nini, kuhusu sauti tutaamua wenyewe.