Mekano, nirudishie termosta yangu

Nina Corolla ya mwaka 1998. Usukani wake uko kuume kama wa magari mengi ya Lubumbashi, kwa kuwa ilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikakatiza Tanzania na Zambia, ikaingia kwetu kwa mlango wa Kasumbalesa. Ni miaka tisa sasa naiendesha. Imepeleka watoto shule, imebeba mifuko ya unga, imekimbiza hospitali mama wawili wajawazito wa mtaani usiku wa mvua. Naipenda gari hii, na kwa kuwa naipenda, leo nasema jambo lililonikaa rohoni muda mrefu: magari yetu ya okazyo, yaliyokwisha kutumika, hayauawi na uzee. Tunayaua sisi, kwa kuyang'oa vitu.

Kilichonifumbua macho ni safari ya Likasi. Ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi ya kuvuta koti hadi masikioni, na tulikuwa tunakwenda kwenye kilio cha mjomba wangu. Sindano ya joto kwenye tablo ilikuwa imelala chini kabisa, kama ilivyolala kwa muda mrefu, nami siku zote niliona hiyo ni heri. Injini baridi, injini nzima, ndivyo nilivyoamini. Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia, kwenye mpando nyuma ya lori lililolemewa mzigo, gari likaanza kupoteza nguvu. Kisha mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa kapo, kifuniko cha injini. Nikatazama sindano: bado iko chini. Maji yalikuwa yamekwisha, na kile kipimo kinachopaswa kukaa ndani ya maji kilikuwa kinapima hewa.

Tulivutwa kwa kamba kurudi mjini. Mjomba alizikwa sisi tukiwa barabarani.

Fundi aliyefungua injini alikuwa mzee wa mtaa wa Kamalondo, mtu asiye na haraka. Jwani ya kilasi, ile inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini, ilikuwa imeungua. Kichwa chenyewe ni cha alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini ikipata joto kupita kiasi inapinda. Akaweka rula ya chuma juu yake, akanionyesha mwanga ukipita chini ya rula. Halafu akafungua nyumba ya termosta, mahali mpira wa chini wa radiatere unapoingilia. Ilikuwa tupu.

"Papa, nani alitoa?" akaniuliza.

Nilijua. Mwaka mmoja nyuma, radiatere ilipovuja, mekano mmoja alikuwa amenionyesha kidude cha shaba kilichoshika kutu, akaniambia: "Papa, hii ni kitu ya inchi ya baridi. Huku kwetu haina kazi, inazuia tu maji." Nikamwamini. Nikamlipa, tena nikamshukuru.

Tangu hapo nimelisikia neno hilo katika garaji nyingi za mitaa ya mji wetu, Kenya, Katuba, Ruashi, kutoka kwa vijana hodari ambao wanaweza kushusha giabox kwa mikono miwili na jeki moja. Linarudiwa kama sala. Na ni kosa.

Termosta ni mlango. Ndani yake kuna nta, na nta hiyo ikipata joto inavimba, inasukuma mlango, maji ya injini yanaruhusiwa kwenda kupoa kwenye radiatere. Toyota nyingi zinafungua kwenye nyuzi 82 hivi. Namba imepigwa kwenye chuma chenyewe. Kabla ya hapo mlango umefungwa ili injini ipate joto upesi. Haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Gari lililouzwa Dubai, kwenye jua la nyuzi 45, nalo lina termosta.

Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu sana kupata joto, na katika asubuhi zetu za Juni na Julai huenda isilipate kabisa katika safari ya mjini. Kompyuta ya gari inaona maji bado ni baridi, basi inaendelea kumwaga esansi (petroli) nyingi kama mtu anayewasha jiko la makaa mabichi. Hapo ndipo fedha zako zinapokwenda, wewe ukilalamika kwamba kituo kinakupunja lita. Esansi isiyoungua yote inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyopaswa kuzilinda. Unyevu nao haukauki. Ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya kahawa yenye maziwa.

Na kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza. Katika injini kama yangu, termosta ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Mlango mkubwa unapofunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini bila kupita kwenye radiatere. Ng'oa termosta, na njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Mjini huoni kitu, ila kwenye mpando wa Likasi, na mzigo, na radiatere iliyozibwa nusu na kutu, unaona. Kile kidude kilichotolewa ili injini isipate moto ndicho kilichosaidia kuipika.

Kuhusu kutu, hilo nalo ni sehemu ya "haina kazi huku kwetu". Tunaambiwa maji ya rangi, lile likidi la radiatere, ni kwa nchi zenye barafu, basi tunajaza maji ya kisima. Nenda jikoni ukaangalie birika: ule ukoko mweupe ulio chini yake ndio unaojijenga pia ndani ya vijimrija vya radiatere vyembamba kama bua la ngano. Likidi linazuia kutu, linalinda pampu ya maji, na linapandisha kiwango cha kuchemka. Tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana hata kifuniko cha radiatere ni kiungo cha injini. Soma juu yake: 0.9 au 1.1. Hicho ni kiasi cha shinikizo linaloyazuia maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Nimeona magari mengi mazuri yakiendeshwa na kifuniko kilicholegea kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Inaniuma kweli.

Nikishaanza kutazama hivi, nikagundua kwamba termosta haikuwa peke yake. Ventilatere yangu, feni ya radiatere, ilikuwa imefungwa waya wa moja kwa moja, inazunguka tangu unapogeuza ufunguo mpaka unapozima, kwa sababu kipimo chake kilikufa na mtu akaona waya ni rahisi kuliko kipimo. Chujio cha hewa lilikuwa nusu, limekatwa ili "gari lipumue". Katika kiangazi cha Katanga, na vumbi jekundu hili linaloingia mpaka ndani ya kabati za nguo! Vumbi hilo ni mchanga, na mchanga kwenye silinda ni msasa.

Na taa ya injini. Hii nataka kuikalia kidogo. Gari langu liliponijia, taa hiyo haikuwaka hata unapogeuza ufunguo, wakati inapaswa kuwaka na kuzima injini ikishika. Balbu ilikuwa imetolewa. Fikiria mtoto anayelia usiku, nawe ukamziba mdomo ili ulale. Mzee wa Kamalondo alirudisha balbu, kisha akanifundisha jambo ambalo kila mwenye Toyota ya miaka ile angepaswa kulijua. Chini ya kapo kuna kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kuna matundu, moja TE1, jingine E1. Unaunganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, unageuza ufunguo bila kuwasha injini, na taa inaanza kuongea kwa kumulika. Yangu ilimulika mara mbili, ikapumzika, ikamulika mara mbili tena. Ishirini na mbili: kipimo cha joto la maji. Hakuna kompyuta iliyohitajika, hakuna dola hata moja. Gari lilikuwa linajaribu kunieleza muda wote, na mtu alikuwa amelinyima sauti.

Sisemi mekano wetu ni wabaya. Mji huu umelelewa na atelye, karakana. Baba zetu na babu zetu walifanya kazi kwenye kampuni za migodi, Union Minière, kisha Gécamines, wakajifunza kwamba boliti ina namba yake na hukazwa kwa zamu yake. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Nilimwona akifunga kichwa cha injini ya jenereta, anaanzia boliti za katikati kwenda nje, raundi ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu mwisho, midomo inahesabu. Ujuzi upo. Kilichopotea ni muda wa kuutumia, na hapo sisi wenye magari ndio wa kwanza kulaumiwa.

Kwa maana tunafikaje garaji? Tunafika saa nne asubuhi, tunataka gari saa kumi. Hatujaleta piesi, tunasema "tafuta njia". Tunalipia jasho lakini hatulipii akili: mekano akitumia saa mbili kutafuta chanzo bila kubadilisha kitu chochote, tunaona hakufanya kazi. Akikata waya na gari likaondoka, tunampa na ya soda. Tumekuwa tukijisifia Kifungu cha 15, msemo wetu wa kujitafutia njia, na ni kweli kimetuokoa katika mengi. Lakini Kifungu cha 15 kilikuwa dawa ya kufika nyumbani usiku huo. Sisi tumekigeuza kuwa namna ya kutengeneza. Waya wa dharura uliofungwa barabarani unapaswa kutolewa kesho yake. Huku kwetu unabaki mpaka gari liuzwe, na anayelinunua anadhani ndivyo Wajapani walivyoliunda.

Japani yenyewe, gari la mtu binafsi linakwenda kwenye ukaguzi wa serikali miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo ni moja ya sababu watu wa kule wanaachana na magari ambayo bado yana nguvu. Sisi tunayapata yakiwa na kila kitu chake. Tunayaanza kuyavua siku ya kwanza.

(Kitu kimoja ambacho kweli kinapaswa kubadilishwa kwa ajili ya huku, hakuna anayekigusa: mafari, taa za mbele. Taa ndogo za gari la Japani zimeundwa zimulike mbali zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa kule kando ya barabara iko kushoto. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Kila usiku tunapofushana macho, na wanaotembea kwa miguu upande wa kuume tunawaona tumeshawafikia.)

Sasa nina masharti yangu, na mekano wangu anayajua. Kinachotolewa nipewe mkononi, hata kama kimekufa. Kinachotolewa kina kingine cha kuwekwa mahali pake, na kama piesi haipo sokoni leo, gari linalala. Vidanji, yaani kumwaga oili na kuweka mpya, kila kilomita 5,000, chujio la oili pamoja nayo, tarehe na kilomita naziandika kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya mlango. Kurwa ya distribisyo, ule mkanda wa ndani wa injini (timing belt), nimebadilisha bila kungoja ikatike, kwa sababu kilomita za gari la okazyo hazina shahidi.

Termosta mpya bei yake haikufikia tangi moja ya esansi. Kabla haijafungwa niliipeleka jikoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mama watoto akasimama karibu anaangalia sufuria yake. Kwenye 70, kimya. Kwenye 80, kimya. Ilipopita 82 kidogo, mlango ukaanza kufunguka polepole, kama mdomo wa samaki. Tulizima moto, ukajifunga. Tuliwasha tena, watoto wakaitwa waje waone.

Asubuhi hizi za baridi natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Kabla sijafika kwenye reli, sindano imeshapanda mpaka katikati, na hapo inakaa.