Ramani ya Rangi Tatu Haijui Kalvati Lako

Tathmini moja ya hatari za hali mbaya ya hewa inanipandisha mori kila ikija: ramani moja, rangi tatu, na eneo zima lenye vilima, mabonde na makorongo limepakwa njano. "Hatari ya wastani." Hongereni! Aliye kilimani na aliyejenga ukingoni mwa korongo wamegawiwa wastani uleule.

Mvua hudhuru pale inapokusanyika. Chukua bonde dogo la kilomita 2 za mraba. Inyeshe milimita 60 kwa saa moja, nusu tu itiririke: hizo ni mita za ujazo 60,000, karibu 17 kila sekunde. Bomba la kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, la kipenyo cha mita 1, likiwa safi, hupitisha takriban 2 hadi 3 kutegemea mteremko. Zilizobaki zinapanda barabarani, kisha zinaingia sebuleni. Na fundi akibana matumizi akaweka bomba la nusu mita, usidhani litapitisha nusu ya maji. Kwa mteremko uleule ni kama sehemu moja ya sita. Hapo matawi na magunia bado hayajaziba. Setilaiti haioni hayo. Anayaona mtu aliyeinama mdomoni mwa kalvati na futi kamba mkononi.

Kwa hiyo fuateni mkondo kwa miguu, kutoka juu hadi chini, mkipima kila kalvati. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi ukutani, yalipanda kwa muda gani, yalikuja usiku au mchana. Pimeni alama kutoka sakafuni, lakini msidanganywe na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi: huo huacha mstari wa mawimbimawimbi, wakati tope la mafuriko yaliyotuama hukaa usawa mmoja kwenye nyumba zinazopakana. Na kipimamvua kinachosomwa mara moja kwa siku? Hakiwezi kutofautisha milimita 60 za siku nzima na milimita 60 za saa moja. Za kwanza mkulima anashukuru, za pili anahama.

Halafu kuna haya "mafuriko ya miaka 100". Watu husikia yamepita, basi wamepumzika miaka 99! Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ndani ya miaka 30 inafika kama asilimia 26.

Upepo: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne, kwa hiyo kagueni kenchi (mbao zinazobeba paa) zilivyofungwa ukutani, si unene wa bati peke yake.

Haya, ramani ina kazi yake: inaonyesha timu ianzie wapi. Basi. Haijui mgonjwa asiyeweza kutembea yuko nyumba gani, wala nani atamgongea mlango saa nane usiku. Hayo yaandikwe kwa jina, yahakikiwe kabla ya kila msimu wa mvua, na mkondo upitiwe upya, maana uzio mmoja mpya wa matofali unatosha kuhamishia maji yote kwa jirani.