Ada ya shule za Kiyahudi isiachiwe wazazi peke yao

Mzazi wa Kiyahudi huko New Jersey, Marekani, analipia elimu mara mbili. Kodi ya nyumba inayoendesha shule za umma anatozwa kama jirani yake, kisha shule ya kutwa ya Kiyahudi inaweza kumdai zaidi ya dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Kaskazini mwa jimbo hilo, mwaka 2009, jamii ilianzisha mfuko wa NNJKIDS: kila familia, hata isiyo na mwanafunzi, iliombwa mchango wa kila mwezi, na shule za msingi zilizoshiriki ziligawiwa kwa idadi ya wanafunzi wao. Njia hii naiona bora kuliko hafla za mwaka za kuchangisha fedha, ambazo huwategemea matajiri walewale na kulipia ukumbi kwanza.

Ila hesabu isemwe wazi. Familia 1,000 zikitoa dola 30 kwa mwezi, mwaka unaingiza 360,000. Gawanya kwa wanafunzi 3,000, kila mmoja anapata 120, ada haitikisiki. Fedha hizohizo zikipelekwa kwa wasiojiweza, zinalipa nusu ya ada ya watoto 36. Kwa hiyo tusiwaahidi wazazi wote nafuu.

Mifuko hii hufa kimyakimya. Kadi ya benki ikiisha muda, mchango unakatika na mchangaji hana habari. Afadhali makato ya moja kwa moja kutoka akaunti, na mtu wa kupigia simu waliokwama, wiki hiyohiyo. Hatari nyingine ni mzazi kuhamishia huku kile alichokuwa akiipa shule yake, mfuko ukanenepa huku shule ikikonda. Ndiyo maana waanze kuombwa mababu, mabibi na wasio na watoto, pale wanapolipa uanachama wa sinagogi. Wala shule isimpunguzie mzazi ada kwa kuwa amechangia: hapo nafuu ya kodi anayopata mtoa sadaka inapotea, maana mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia wazazi waliotaka ada ihesabiwe sadaka.

Sheria ya kale ya Kiyahudi inataka sadaka ikusanywe na wawili, igawiwe na watatu. Hao watatu wasitoke kwenye bodi ya shule yoyote inayopokea.

Baada ya hapo twende kwenye wasia, watu wauachie mfuko mali ya wakfu. Wakfu wa dola milioni moja, ukitumia asilimia 4 au 5 kwa mwaka, hutoa 40,000 hadi 50,000 bila kugusa mtaji, mradi faida ya uwekezaji itoshe.