Lozi Yangu Iliganda Kwenye Friji

Mwezi wa saba mwaka jana nilifungua friji kuchukua chupa yangu ya mafuta ya lozi, nikakuta yameganda, meupe pe. Mafuta ya lozi hayagandi kwenye friji ya nyumbani. Yanayoganda namna ile ni ya nazi, kwa sababu joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi huanza kujishika. Ndiyo maana asubuhi za kipupwe hapa Dar unaamka na kukuta chupa ya nazi imefanya ukungu, na ikifika saa nne imeyeyuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa Sh 35,000 Kariakoo, nikauziwa nazi iliyovishwa kibandiko cha lozi. Niliimalizia kwenye nywele.

Nilikasirika, lakini muuzaji aliijua tabia yangu. Mimi na wenzangu tunaopenda kuchanganya mafuta tunauliza maswali mia kuhusu yale ya harufu: mchaichai huu wa wapi, langilangi hii halisi au ya dukani? Yakija mafuta ya kuchanganyia, yaani yale mengi tunayodondoshea ya harufu, tunatazama jina tu. Lozi. Argan. Jina likiwa la mbali, tunalipa. Hebu piga hesabu: chupa ya mililita 30 ya kupaka usoni inataka matone kama sita tu ya harufu, yaani asilimia moja. Tisini na tisa zilizobaki ndizo zinazolala na ngozi yako usiku kucha, na ndizo hatuzichunguzi.

Sasa niseme jambo litakalonigombanisha na nusu ya ukoo: mafuta ya nazi si ya uso, angalau si ya uso wa Dar es Salaam. Najua. Tumekuzwa nayo. Bibi alikuna nazi, akakamua tui, akalipika taratibu hadi mafuta yakapanda juu na mashapo yakakauka chini, na sisi watoto tukagombania mashapo. Kwa nywele sijaona mfano wake, maana huingia ndani ya unywele wenyewe na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Lakini ni mazito. Ngozi nyingi yanaziziba. Ongeza joto la Januari, jasho la daladala na vumbi la Barabara ya Mandela, kisha ushangae chunusi zimetoka wapi. Paka viwiko, paka visigino, uso uache.

Usoni mimi natumia alizeti. Cheka ukimaliza tuendelee.

Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ni moja ya vitu ambavyo ngozi hutumia kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasitoroke. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambapo watu wazima walipakwa zeituni mkono mmoja na alizeti mkono wa pili. Penye zeituni ukuta huo ulidhoofika na ngozi ikawa na wekundu kidogo, wakati alizeti haikuuharibu. Nasi zeituni tunaiheshimu mno, na ina heshima yake, ila kwa uso wangu nimeiachia saladi na dua. Alizeti inatoka Singida na Dodoma, bei yake haiumizi, na ngozi inainywa bila kukuacha unang'aa kama andazi.

Ubaya wake ni kwamba inaharibika upesi. Zile chupa za maji zilizojazwa mafuta na kupangwa juani kando ya barabara zinapendeza macho, lakini mwanga na joto vimeshaanza kuyala. Mwombe muuzaji akutolee ya ndani, yaliyokaa kivulini, unuse kabla ya kulipa. Yakinuka kama karanga za zamani, rudisha. Nyumbani weka kwenye chupa ya rangi nzito, na usinunue lita tano kwa ajili ya uso mmoja.

Ufuta wa Lindi na Mtwara nao naupenda kwa kuchua mwili. Una vitu vyake vya asili vinavyouchelewesha kuharibika, na hauchoki haraka chini ya kiganja. Chagua uliokamuliwa bila kukaangwa, vinginevyo utanukia kashata. Nyonyo ni nzito kama asali, changanya kidogo tu. Jojoba, nikiwa mkweli, ni nzuri sana. Kusema kweli si mafuta bali nta ya majimaji, mbegu zake ni za jangwa la Marekani na Mexico, na ilipata umaarufu kama mbadala pale Marekani ilipopiga marufuku mafuta ya nyangumi miaka ya 1970. Inadumu miaka bila kuharibika. Ukiwa na hela, nunua. Nisichokubali ni mtu kukopa ili anunue.

Karafuu niiseme kwa ukali, kwa sababu iliniunguza. Tunaizoea kwenye pilau tukadhani ni rafiki. Mafuta yake ni makali mno, na hata asilimia moja ni nyingi kwa ngozi. Kwenye mililita 30 mimi sasa sizidishi matone mawili, na usoni kamwe. Mafuta ya maganda ya ndimu usiyapake ukatoka juani, yataacha madoa meusi yatakayokaa miezi. Na mkaratusi usimsogezee mtoto mchanga puani, hata mafua yakimzidi. Mchanganyiko wowote mpya, anza kwenye mkunjo wa mkono, usubiri siku nzima.

Wiki iliyopita nilikwenda Temeke kwa shangazi, ambaye maisha yake yote amejipaka nazi iliyolowekwa asumini. Alikuwa analalamikia miguu. Nikamchua kwa ufuta na matone machache ya mchaichai, yeye amefumba macho, kimya. Halafu akanusa kiganja changu.

"Mwanangu, haya si ya kupikia haya?"

"Ndiyo, shangazi."

Akafumba macho tena. "Haya, ongeza kwenye magoti."