Tuzo za chama zisingoje mkutano mkuu

Vyama vingi vya watu wanaopenda burudani moja, kama redio au ukuzaji wa maua, hulimbikiza pongezi zote hadi mkutano mkuu wa mwaka. Majina husomwa mfululizo, makofi yanapungua kabla orodha haijafika nusu, na aliyejitolea mwanzoni mwa mwaka pengine alishaacha kuhudhuria kwa kudhani hakuna aliyemwona.

Kosa ni kuchanganya tuzo za aina mbili. Tuzo ya kipimo, ile ya kufikia kiwango kilichowekwa, haihitaji kura wala msimu. Katika redio za ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, cheti cha DXCC cha ARRL, chama chao cha Marekani, hutaka uthibitisho wa mawasiliano na nchi au maeneo 100. Ukishaupata, unaomba wakati wowote. Majaji wa American Orchid Society, chama cha wapenda okidi cha Marekani, hupima ua la okidi likiwa limechanua: alama 75 hadi 79 ni HCC (cheti cha pongezi), 80 hadi 89 ni AM (tuzo ya ubora), 90 na zaidi ni FCC (cheti cha daraja la kwanza). Ua halisubiri kalenda ya kamati. Kwa hiyo mwanachama akifikia kipimo, akabidhiwe cheti chake katika kikao kinachofuata.

Tuzo ya heshima, ile ya utumishi, ndiyo inayofaa kutolewa mara moja kwa mwaka, tena kwa uangalifu. Mapendekezo yafunguliwe miezi mitatu kabla ya mkutano na yafungwe wiki sita kabla, ili pawepo muda wa kuhakiki na wa kuchonga ngao. (Majina yanakiliwe kutoka kwenye daftari la wanachama, ngao yenye jina lililokosewa inaumiza kuliko kutopewa kabisa.) Pendekezo liwe la ukurasa mmoja: kafanya nini, lini, nani kanufaika. “Amejitolea sana” haitoshi.

Mjumbe wa kamati asipewe tuzo hii akiwa madarakani. Hata akistahili, wenzake ndio wanaopiga kura, na wanachama watanong'ona. Asubiri mwaka mmoja baada ya kung'atuka.

Katiba ya chama iruhusu pia mwaka kupita bila mshindi. Pasipo ruhusa hiyo, kamati hutafuta yeyote wa kujaza nafasi, na baada ya miaka michache tuzo inakuwa ya zamu.

Kwa wazee wa chama, nashauri kamati isichelewe kuwatunuku. Tangu 1974 kanuni za Tuzo ya Nobel haziruhusu kumtunuku marehemu, isipokuwa amefariki baada ya kutangazwa. Chama kidogo hakihitaji kanuni hiyo, ila kila mwaka kamati ipitie majina ya waliotumikia muda mrefu na kuuliza nani bado hajashukuriwa, angali anaweza kuja kupokea tuzo mwenyewe.